Gunia la udongo

Mjukuu wangu Zuhura,

Rafiki yangu Athumani wa Tunduru amekufa. Mimi babu yako mzima, bado nafanya kazi huku kwa Waarabu. Mjomba wako naye bado dereva mtaa wa Mirdif, amenenepa.

Umeniuliza, wale wanasayansi wa zamani mnaowasoma shuleni waliandikiana barua miaka na miaka bila kuonana, urafiki gani huo? Mimi na Athumani hatukuonana hata siku moja.

Nilikuwa kijana Masasi. Dereva wa lori akaniletea mbegu ya muhogo kutoka kwa Athumani, mkulima nisiyemjua. Nikapanda, ukatoka mchungu. Nikamwandikia, "Umenitumia sumu, mshenzi wewe." Akajibu, "Mbegu yangu tamu. Udongo wako ndio mbaya. Nitumie gunia nijaribu."

Nikatuma gunia la udongo. Dereva alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka uliofuata barua ikaja: "Nimepanda humo, nimekula, mchungu, nimetema. Nimeshinda, bwege!"

Nilifurahi kushindwa. Mtu anayehangaika na udongo wako ili mjue ukweli, huyo rafiki. Tumebishana kwa barua mpaka uzeeni.

Leo nimeomba ruhusa kazini, msimamizi kaniuliza, "Aliyekufa ndugu yako?" Nikasema rafiki, sijawahi kumwona. Akanitazama, akasema, "Khalas, basi, mzee, pumzika leo."

Nimemwombea dua, nimecheka peke yangu. Kesho narudi kazini.