Mshale Juu ya Herufi H

Neema mjukuu wangu, marahaba. Nina miaka themanini na moja, na mafundi redio wote wa mtaa wetu Kariakoo nimewazika mimi. Bibi yako hajambo.

Unauliza kwa nini kompyuta, kwenye somo lako la fizikia, inaweka mshale juu ya H, hiyo nguvu ya sumaku. Umemuuliza bingwa! Enzi za Ujamaa mwenye duka mmoja, mtu wa Moshi, alituletea redio bubu pale karakana nilikojifunza ufundi.

"Ifungue," fundi mkuu akaniamuru.

"Sifungui. Nzima hii."

"Isiposema, kazi huna!"

Nikaizungusha kidogo pale mezani, ikasema. Mawimbi yalikuwepo, na hiyo nguvu ya sumaku ndani yake, ila kijiti cha redio cha kuyanasia kilielekea kusiko. Nguvu peke yake haitoshi, mama. Mshale unakwambia inaelekea wapi.

Huniamini? Muulize bibi yako. Redio ilikuwa ya baba yake.