Mkanda Chini ya Shati

Jumatatu, 12 Juni

Mashati manne leo, na yote kazi moja: kubana mikono. Vijana wa Mbuba wameingiwa na wazimu. Wanataka shati likabe mpaka msuli ufike kabla ya mwenyewe. Nimewaambia damu itakosa pa kupita. Wamecheka. Nimebana.

Chanzo ni malori ya chakula cha wakimbizi. Msimamizi wa ghala la kambini huchagua makuli kwa kuwaminya mikono, kama mama anayechagua parachichi. Basi kila kijana ana chuma chake nyuma ya nyumba: bomba, na kila ncha kopo la mafuta ya msaada lililojazwa saruji. Hata mwanangu Deo. Asubuhi namsikia akihema nyuma ya migomba, anahesabu kwa sauti. Zamani saa hizo alikuwa akiimba.

Mkanda wangu umelegea. Ule wa ndani, wa kaki, wenye kifundo cha pamba cha kuzuia ngiri yangu isishuke. Nilijishonea mwenyewe. Aliyeujua ni marehemu mke wangu Vero peke yake. Nitaukaza kesho.

Alhamisi, 15 Juni

Baraza ya duka la Bwana Salum, ninapoweka cherehani, imegeuka bunge. Hoja ni moja wiki nzima: mwanaume ni nani?

Vijana: kifua na mikono. Gaspari, mwenyekiti wa chama chetu cha machela: bega. Bwana Salum akajibu kutoka ndani, huku anapima sukari: "Mwanaume ni kuwa na haya, Gaspari. Bega hata punda analo." Watu wakaangua kicheko. Mama Anjela, anayeleta maharage kutoka Kirushya, akasema wa kwake ana kifua kama mlango wa kanisa na akishikwa na mafua anataka aitiwe padri.

Akapita mkimbizi mmoja, mwembamba, mtoto mgongoni kwa kitenge cha mke. Hakutusalimu. Vijana wakamcheka. Mimi nilimtazama mpaka akapotea kwenye vumbi. Mtoto alikuwa amelala vizuri.

Kisha Gaspari akanigeukia mimi. Nilijua tu. Huku kwetu mgonjwa wa milimani hubebwa kwenye machela ya kusuka, mabegani mwa wanaume, na kila nyumba hutoa bega. Asiyebeba hutoa pombe ya ndizi. Mimi hutoa pombe, miaka yote. Hata siku walipombeba Vero nilitembea nyuma mikono mitupu. "Bega la fundi liko kwenye cherehani!" akasema. Wakacheka, nami nikacheka nao. Nilikasirika mpaka nikashona mfuko wa suruali ya mtu nikauziba mdomo. Nimeufumua.

Jumapili, 18 Juni

Baada ya misa Deo ameniletea suruali. Niongeze kiuno.

Mikono yake imejaa, sawa. Lakini tumbo la mtoto huyu liko wapi hata kiuno kimbane? Nilichukua futi nimpime, akarudi nyuma. "Ongeza tu, baba."

Halafu akateremka kisimani, nikamtazama anavyotembea. Mkono wa kulia mfukoni, amebonyeza. Mkono ule naujua. Nilitembea nao mwenyewe mwaka mzima kabla sijapata akili ya kushona mkanda.

Ee Mungu wangu, mtoto ana ngiri.

Jumanne, 20 Juni

Sijamuuliza.

Nikimuuliza atataka kujua nimejuaje. Na hili jambo huku halisemwi. Baba yangu alikuwa akisema mwenye ngiri ni nusu mtu, hata kuzaa hazai. Nami nikamzaa huyu, tena kilo zake wakunga walizisifia. Bado sijamuuliza.

Leo nimeficha chuma chake nyuma ya banda la mbuzi. Alikipata mara moja, akakiinua kwa mkono mmoja mbele yangu, anacheka. Nilicheka nini na mimi? Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia.

Nimemchemshia mayai.

Nimekata kaki. Nimeshona mkanda wa pili, mwembamba zaidi, kifundo upande wa kulia. Watu wa barazani waliuliza ni wa nini. Nimesema wa mbuzi.

Ijumaa, 23 Juni

Kesho wanachagua makuli wa kudumu. Utanyanyua gunia la mahindi juu ya kichwa, utalishikilia mpaka msimamizi aseme basi.

Nilifunga mkanda kwenye gazeti, nikamwita. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi. Alikuja amejipaka mafuta, anang'aa, amevaa shati nililolibana mimi mwenyewe. Kabla sijafungua mdomo akasema yeye. Akipata kazi hii, mwisho wa mimi kutoa pombe. Atabeba yeye. Gaspari hatanicheka tena. "Mimi ndiye bega la nyumba hii, baba."

Kumbe chuma chote kile ni kwa ajili yangu.

Nikamwambia nilitaka tu kuona kama shati limekaa. Furushi nimelirudisha chini ya cherehani. Mimi ni mwoga. Naandika hivyohivyo.

Jumamosi, 24 Juni

Amechaguliwa. Wenzake wamemleta mabegani wanaimba. Gaspari alimpa mkono mbele ya watu wote. Bwana Salum akatoa soda.

Soda hakuimaliza. Chakula hakugusa. Anasema ni uchovu.

Jumapili, 25 Juni

Naandika nikiwa hospitali, kwenye benchi. Herufi zisipokaa sawa potelea mbali.

Kulipopambazuka nilimkuta amejikunja kitandani anatapika. Tumbo gumu kama ubao. Anasema tumbo tu, litapoa. Majirani wakajaa. Huyu akasema sumu, yule akasema amerogwa, wenzake wamemwonea wivu kwa ile kazi, aitwe mganga kwanza. Mtu akawa ameshaondoka kumwita. Na Deo, maumivu yote yale, anakubali kwa kichwa. Amerogwa, ndiyo. Heri kurogwa kuliko kusema.

Gaspari akafika na machela na wanaume wake. Wengine walikuwa na makoti ya misa. Akaona mimi nimesimama tu. "Fundi, leo hapana pombe. Huyu ni mwanao. Shika mti wa mbele."

Wote wakanitazama. Deo naye akanitazama, na machoni nikaona ananiogopea mimi. Yeye ndiye anayekufa na anaona haya kwa ajili yangu.

Nikafungua vifungo vya shati. Nikavua mkanda, nikauinua juu wauone.

Nikasema siwezi kubeba. Nina ngiri tangu kabla huyu hajazaliwa. Na yeye anayo. Hajarogwa, imemkaba, na tukimsubiri mganga tutamzika.

Kuku mmoja alikuwa anaparua mlangoni, nikamwona kama ndiye pekee anayenielewa. Suruali ilitaka kunidondoka, nikaishika. Nilidhani watacheka.

Gaspari alitema mate pembeni, akainama, akaushika mti wa mbele yeye mwenyewe. "Mlazeni magoti juu," akasema. "Twende."

Walikwenda mbio. Wanaume wembamba, walimaji wa migomba, miguu inapiga pamoja, wanabadilishana bega bila kumtikisa. Mmoja wa vijana wenye chuma alijitia mbele kwenye mteremko, akawahi hatua, machela ikayumba, Deo akalia. Wakamtoa bila kumkaripia. Mimi nilitembea kando, nimeshika mkono wa mwanangu. Mkono mzito! Nilikuwa sijaushika tangu mazishi ya mama yake.

Barabarani tulisimamisha lori linalorudi tupu kutoka kambini. Dereva hakuuliza neno.

Wamemwingiza chumba cha upasuaji. Mlango umefungwa. Vero, kama unasikia, kaa naye.

Jumatano, 28 Juni

Yuko hai. Utumbo umepona. Daktari amesema tungechelewa kidogo tu ungeoza. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Leo nimemwogesha. Namgeuza kama nilivyokuwa namgeuza akiwa mchanga, ila sasa nahema. Mikono yote ile na hawezi kujishikia kikombe. Alikuwa anatazama ukuta. Kisha akauliza: "Baba, mbona hukuniambia?"

Nikamuuliza na yeye je, mbona hakuniambia.

Tukatazamana. Akaanza kucheka, akashika mshono, anacheka na machozi yanamtoka, ananiomba ninyamaze. Sikuwa nimesema kitu. Nimemfuta uso. Nampenda huyu mtoto mpaka inaniuma, na sijawahi kumwambia. Leo nimemwambia. Akasema anajua.

Jumamosi, 8 Julai

Tuko nyumbani. Daktari amekataza mizigo mizito kwa muda mrefu. Nafasi ya ghalani imekwenda kwa mwingine. Deo alipopata habari aligeukia ukuta, akalala hivyo mchana kutwa. Nilikaa naye.

Barazani nilirudi roho mkononi. Kijana mmoja akaanza, "Fundi Ngi..." Mama Anjela akampiga kichwani na kibaba cha maharage kabla hajamaliza neno. Bwana Salum akanisogezea kahawa, akasema mjadala wa mwanaume ni nani umefungwa dukani kwake, anayeutaka akaufanyie kwake. Dakika chache baadaye yeye mwenyewe akaufungua tena. Anasema sasa ameongeza kitu kwenye lile neno lake la haya: haya ikizidi nayo inaua. Hakunitazama aliposema.

Nimevaa mkanda. Nikiinama unaonekana kidogo. Umeonekana.

Alhamisi, 13 Julai

Deo ameketi kwenye cherehani mara ya kwanza. Amevunja sindano mbili na kunilaumu mimi. Mshono wake unakwenda kama njia ya mbuzi. Lakini alipokuwa anafumua, nilimsikia anaimba. Chini chini. Nilijifanya natafuta uzi.

Kile chuma chake ameking'oa ncha moja. Kopo la saruji sasa linazuia mlango wetu usipigwe na upepo.

Jumatatu, 17 Julai

Mchana mtulivu. Upepo na vumbi. Bwana Salum alikuwa amekwenda kuswali.

Gaspari alikuja na suruali, anataka ipindwe chini. Ilikuwa imeshapindwa. Nilimwonyesha, akasema aa, kweli, lakini hakuondoka. Deo akampisha kigoda, shikamoo mzee, marahaba. Akakaa. Akasifia kiangazi. Akaulizia mbuzi. Mama Anjela alipoinuka na gunia lake akasubiri mpaka avuke barabara.

Kisha akasema anasikia ile mikanda ya kaki naishona.

Nilikuwa na pini mdomoni. Deo ndiye aliyeinuka, akachukua futi shingoni mwangu, taratibu, bado anainuka kwa tahadhari. Akamuuliza ni upande gani.

"Kushoto."

Akainua shati. Deo akampima, hakushangaa kitu. Akamuuliza imeanza lini.

Gaspari alitazama barabarani.

"Siku tulipombeba mama yako."

Miaka yote ile. Na majuzi akaushika mti wa mbele, mlima mzima, akambeba na huyu.

Nimemchagulia kaki nzuri, ile niliyokuwa nimeiweka kwa suruali ya padri. Nimekata mimi. Deo ameshona. Mshono umenyooka.