Mkono Wako wa Kulia, Baba

Mwaka umetimia, Baba, tangu kiharusi kilipokurudia mara ya pili na kukuchukua asubuhi ya Jumanne, nyumbani kwetu Isevya. Mpaka leo tukisikia mtu anakohoa uani tunageuka kuangalia.

Wewe Mzee Abdulatifu, fundi kanzu wa Mtendeni, ulikuwa humpimi mtu bila kumtania. "Kanzu nitaiweza, sina uhakika na hilo tumbo," ulimwambia mteja, na Idi nyingine alirudi kwako huyo huyo. Vitambaa vilivyobaki uliwashonea kofia watoto wa majirani.

Kiharusi cha kwanza kilipokulaza mkono wa kulia, Dada Mektilda wa mazoezi ya viungo alituambia wazi: "Mimi nakuja mara moja kwa wiki. Siku nyingine mzee afanye mwenyewe. Afute meza, aokote maharage moja moja, ale kwa mkono huu huu, hata akimwaga." Ulifurahi sana. Ulichotaka ni kushika tonge lako mwenyewe, basi.

Sisi tuliona aibu. Wageni waje kukujulia hali, wakukute umejimwagia mchuzi kifuani na wanao tumekaa tunakutazama? Wangesema huna watoto. Mimi Sikuzani ndiye niliyeondoa bakuli la maharage. Yahaya alikulisha kwa kijiko, Majidi akakufunga vifungo. Ulipounyoosha mkono kwenye sinia, tuliurudisha mapajani. Tulijiona tunakutunza kwelikweli.

Baada ya arobaini Mama alitueleza. Kila mlipomaliza swala ya alfajiri, mlifanya mazoezi ninyi wawili chumbani, mlango mmeufunga. Mwezi wa mwisho tonge lilikuwa linafika mdomoni. Mama alipotaka kutuita tuone, ulimkataza: "Waache wanilishe. Wakijua naweza, watajilaumu."

Tumejua, Baba, na tunajilaumu. Siku uliyostahili kushangiliwa, ulifungua mdomo tukulishe, ili sisi tusiumie. Tunakuomba radhi mbele ya wote wanaosoma hapa.

Unakumbukwa na mkeo Bi Tunu, wanao Sikuzani, Yahaya na Majidi, mdogo wako Rashidi wa Tura, wajukuu, na mafundi wenzako wa Mtendeni.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema peponi. Hatutakusahau maisha yetu yote, wala hatutajisahaulisha tulichokunyima.