Simu ya Isagani Bado Inajibu

Surigao, Alhamisi

Dada Ligaya,

Mama mzima, anakula wali na samaki wakavu. Bado hajaambiwa.

Tetemeko la Jumatatu liliangusha ofisi ya mdogo wetu Isagani naye akiwa ndani, ila wi-fi yao ilibaki na betri. Programu yangu ya kazini huchora kila kifaa kilicho kwenye mtandao kama kitone. Jana nilihesabu simu kumi na tisa. Leo imebaki moja, yake.

Nilimwonyesha mkuu wa waokoaji.

“Dada, inayojibu ni simu, si mtu,” akasema. “Ungenipa hata sauti, ningechimba kwa mikono.”

Wameomba ndugu tukubali kutafuta walio hai kukome, tingatinga liingie. Nilitazama tena. Kitone kilikuwepo. Nikatia saini.

Nduguyo,
Dalisay