Mshono Wako Kwenye Gunia la Sukari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimekusalimia nikiwa nimekaa, unisamehe, sababu utaielewa. Niko katika duka uliloniachia hapa Nyamisangura, mchana kweupe. Naogopa, mama.

Unakumbuka mwaka ule sukari ilipoadimika, mimi bado nasoma? Ulinieleza huku unapima robo kilo: serikali imeweka kiwango cha sukari ya kuingia kutoka nje ili viwanda vyetu visife. Ni vizuri, ulisema, mpaka mvua izidi, miwa isivunwe, na hicho kilichoruhusiwa kisitoshe. Hapo bei inapanda na watu wetu wanageuza shingo kuangalia Sirari, mpakani. "Bei ikipanda mteja hafi, anahama," uliniambia. Mimi nikacheka.

Mwaka huu ni vilevile. Kwanza wateja walinunua huku wananung'unika. Kisha waliozoea kilo wakaja kutaka ya kikombe. Sasa wengine wanakunywa chai isiyo na sukari kwa viazi vitamu, na wengine wanatafuta ya Kenya, inayopita njia za panya kwa bei nafuu. Duka likapoa. Nilikuwa nafagia mara mbili ili nionekane nina kazi.

Ndipo mume wangu Mwita, mkwe wako uliyesema ana moyo mzuri na kichwa kigumu, akaleta gunia lenye chapa ya kiwanda chetu. Nilifurahi mpaka nikamchinjia kuku. Leo asubuhi nimelisogeza nifagie, nikaona mdomo wake. Halikushonwa kwa mashine. Ni uzi wa katani, msalaba juu ya msalaba, fundo limefichwa ndani.

Mshono wako, mama. Ule wa magunia ya mahindi uliokuja nao kutoka kwenu Ringwani. Ulimfundisha Mwita alipokuja kutusaidia kuvuna, ukamsifu kuliko sisi watoto wako, nami nikaona wivu. Sasa amemimina sukari ya ng'ambo kwenye gunia la hapa, akalifunga kwa mshono ambao mtaa mzima unaujua. Nani kama si mkwe wako angefanya hivyo?

Nilipomuuliza alisema, "Mama Bhoke, nilitaka tu wateja warudi." Kisha akachukua jembe akaenda shamba.

Wakaguzi wa sukari ya magendo wameingia mtaani. Wako duka la tatu kutoka hapa, na anayewaongoza ni mzee wetu mwenyekiti wa mtaa, ambaye magunia yake ya mahindi ulimshonea miaka yote. Wakiliona watamchukua Mwita, na mwanetu Bhoke akitoka shule atakuta kufuli mlangoni. Nimejaribu kufumua. Ulijisifu kwamba mshono huo hata ngedere wa Ringwani hawauwezi, na kweli, umenishinda.

Basi nimelikalia, nimeshusha kitenge mpaka chini. Lakini ulitulea ukisema mtu mzima hasalimiwi ukiwa umekaa, na mzee huyu anajua ulivyotulea. Nikisimama ataona mshono. Nisiposimama atajiuliza binti wa mama yule amepatwa na nini.

Nasikia anacheka na jirani hapo nje. Pumzika kwa amani, mama, na leo unifumbie jicho.

Binti yako, ambaye bado amekaa.