Gari la Namba za Kigeni na Aliyekuwa Kwenye Usukani

MAELEZO YA SHAHIDI
Dawati la ajali za barabarani
Shahidi: mkwe wa mwenye gari (jina kamili limo kwenye jalada)
Umri: miaka 38
Kazi: fundi wa meno bandia
Makazi: nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa hiari yangu, sikuitwa. Naomba radhi mapema, afande, kwa sababu habari za hili gari nimeshazieleza kwa watu wengi, na kila nikizieleza zinanichanganya upya.

Tulihamia nchi hii miezi mitatu iliyopita, baada ya mke wangu kupata kazi kwenye maabara ya hospitali. Gari ni la baba yake. Ni dereva mstaafu wa mabasi. Alisema hawezi kukaa anatazama gari limelala uani huku binti yake anahangaika ugenini kwa miguu. Akaliendesha mwenyewe mpaka huku, akavuka nalo mpakani, akafika kwetu na tabasamu mpaka sikioni.

Kadi ya gari bado ina jina lake, na bima ya nyumbani bado iko hai. Lakini kampuni ilituambia bima ile inamlinda mgeni aliyekuja kutembea, haimlindi mtu aliyehamia. Baba mkwe ni mgeni. Mke wangu amehamia. Gari lenyewe sikuambiwa liko upande gani. Nilikwenda kwa wakala wa bima wa hapa, akasema hawakatii bima gari lenye namba za kigeni, ni lazima nilisajili kwanza. Ofisi ya usajili wakasema hawasajili gari lisilo na bima ya hapa. Nikamuuliza dada wa dirishani, "Sasa nianzie wapi?" Akasema, "Anzia ukaguzi." Nilimshukuru kana kwamba amenipa zawadi.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Jumatano, asubuhi, tulitoka watatu kwenda kituo cha ukaguzi wa magari. Baba mkwe alikuwa anaendesha. Kwetu magari hupita kushoto, hapa hupita kulia. Kwenye mzunguko karibu na soko la samani aliingia kinyume, tukakutana uso kwa uso na gari la takataka. Honi zilizopigwa pale sijawahi kuzisikia hata harusini.

Mke wangu akasema, "Baba, simama pembeni. Nipishe niendeshe, mimi huku nimeshazoea kidogo."

Baba mkwe akauliza, "Na bima?"

"Ni hapo tu, baba."

Wakabadilishana viti. Mke wangu akakaa kulia, kwa sababu usukani wa gari letu uko kulia. Baba mkwe akakaa kushoto, mbele. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Nilipiga simu kampuni ya bima ya nyumbani kuuliza kama mke wangu anaruhusiwa. Dada wa huduma kwa wateja akaniambia, "Subiri kidogo, kaka, nikuulizie," nikawekewa muziki.

Tuliingia barabara nyembamba nyuma ya kiwanda cha magodoro. Upande wa kulia kulikuwa na ukuta mrefu, na fundi rangi alikuwa juu ya ngazi anaupaka. Mbele likatokea lori. Baba mkwe akapiga kelele, "Kulia! Kulia!" Mke wangu akavuta kulia. Kwenye simu muziki ukakatika, dada akarudi, akasema, "Kaka, anaweza kuendesha, isipokuwa..." Hapo nikasikia kishindo. Pua ya gari ilikuwa imeigonga ngazi. Yaliyofuata baada ya "isipokuwa" sikuyasikia. Nimepiga tena mara kadhaa, kila anayepokea ananipa jibu lake.

Fundi rangi alianguka upande wa mguu wa kulia. Rangi nyeupe ilimwagika juu yake na juu ya kioo chetu, hata sikujua mara moja ameumia wapi. Mke wangu alitoka, akapiga magoti, akamshika kichwa. Mimi nikaita gari la wagonjwa.

Watu walijaa. Hapa, afande, unajua mwenyewe, dereva hukaa kushoto. Waliomwona baba mkwe akitoka mlango wa mbele wa kushoto walimwonyesha kidole: "Ni huyu mzee! Ni huyu!" Wale watu hawakusema uongo. Walisema walichokiona. Askari wa barabarani alipofika akamuuliza, "Mzee, wewe ndiye dereva?" Baba mkwe aliliangalia gari, akamwangalia binti yake pale chini, akasema, "Ndiyo, ni mimi."

Mimi nilisikia. Mke wangu hakusikia. Nilifungua mdomo, lakini mhudumu wa gari la wagonjwa akaniambia nipande upesi nimsindikize majeruhi, nikapanda. Ndiyo maana hakuna aliyenihoji siku ile.

Njiani fundi rangi alinishika mkono, akaniuliza kama ukuta umeharibika. Nilimwambia hapana. Hospitali walisema mfupa umevunjika pawili, anahitaji upasuaji na vyuma.

Jioni nilimweleza mke wangu alichomjibu baba yake yule askari. Alitaka kuja hapa usiku uleule. Lakini baba yake, aliyekuwa ameshawekwa mahabusu hapa na pasi yake ya kusafiria imezuiwa, alikuwa ametuma ujumbe kupitia askari wa zamu: binti asikanyage kituoni, na akija, yeye baba atasema hamjui. Mke wangu hajawahi kumpinga baba yake. Alikaa jikoni na viatu miguuni mpaka asubuhi.

Jana nilimletea mzee chakula na shuka. Nilimwambia, "Baba, huu mzigo si wako." Akasema, "Ni wangu. Nani alisema kulia?" Nikamsogezea chakula. Akaendelea, "Mimi nikiwa dereva, bima inalipa, yule mtu anapona. Binti yangu akiwa dereva, hakuna anayejua nani atalipa, na kazi yake itakwenda. Wewe mkwe wangu, ukienda kusema, utakuwa umemvunja yule fundi mguu wa pili."

Nikaenda hospitali kwa fundi rangi, nikitumaini yeye atanishika sikio, aniambie, nenda kaseme kweli. Nilimweleza yote, bima na usukani. Alisikiliza, akasema, "Ndugu yangu, mimi niliyegongwa nakuomba. Semeni ni mzee. Mimi nataka mguu." Kisha akanikaribisha chungwa.

Nilitoka pale sijielewi kabisa. Mtu niliyedhani namtetea ndiye ananisihi nifunge mdomo. Nilitembea hadi nikapita nyumba yetu bila kujua, nikagutuka niko kwenye duka la matairi.

Nilipofika nyumbani mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Baba analala wapi?" Nikamjibu, sakafuni. Akasema, "Basi kesho tunakwenda wote. Anikatae mbele yangu."

Nasema hivi: aliyekuwa kwenye usukani ni mke wangu. Baba mkwe alikuwa kiti cha abiria. Sisemi kwa sababu nimejua lililo sawa. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na ni kitu pekee katika habari hii yote ninachokielewa. Mke wangu yuko hapo nje kwenye benchi. Nikimaliza ataingia yeye.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo hayo, nimesomewa, nami nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika mwenyewe, shahidi akiwa na akili timamu. Baada yake binti wa mwenye gari aliandika maelezo yake, yanalingana na haya. Binti ameachiwa kwa dhamana. Mzee aliletwa mezani kwangu mbele ya binti yake. Hakumkataa. Nilimrudishia pasi yake ya kusafiria, hakuipokea. Aliomba kiti, akakaa, akaniuliza mguu wa fundi atalipa nani. Nimepiga simu kampuni zote mbili za bima na ofisi ya usajili. Hadi natia sahihi, sijapata la kumjibu, na bado amekaa.