Mti wa Mama Ulikuwa Umelala

Nyumbani, Koboko,
Jumapili, 6 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Yasiri,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Doha, na kwamba joto la mwezi huu halijakumaliza. Mgongo wako je? Duku, anayekuletea barua hii akirudi kazini, ameniambia mnasimama getini saa kumi na mbili mfululizo bila kiti. Nilimwomba asinieleze zaidi. Kula vizuri, na usijifanye chuma.

Sisi hatujambo, kwa kiasi chetu. Kaka Hakim anasumbuliwa na goti. Shangazi Zuhurah presha yake imeshuka, ila ulimi wake haujashuka hata kidogo. Mvua ni nzuri, mahindi yamebeba.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kwenye karatasi wakati simu iko mkononi. Kwenye simu nimejaribu mara nne. Kila ukisema, "Dada, niambie," naanza kukuuliza umekula nini.

Yasiri, ile picha ya mti wa Mama niliyokutumia mwezi wa nne, yenye maua meupe na njano katikati, ni ya mwaka juzi. Mti haupo. Ulikatwa Januari, na aliyesema ukatwe ni mimi.

Nikueleze tangu mwanzo, usije ukamlaumu Hakim.

Mama alipofariki Novemba na kazi ikakunyima ruhusa ya kuja kumzika, uliniomba jambo moja tu: nipande tawi la mti wake kaburini, ili ukija likizo Agosti ulikute limeshika. Nikakubali. Nikasema acha arobaini ipite kwanza. Ilipopita, mti ukaanza kupukutisha majani. Baada ya wiki mbili halikubaki hata moja, ni matawi matupu ya kijivu. Pasca wa nyumba ya pili alikuja akashika kichwa: "Aminah, hii mti imefuata mama yenu." Nikaamini. Nililia pale chini kama niliyefiwa mara ya pili.

Kisha nikamwambia Hakim, "Kata tu. Mti kavu kwa nyumba ya msiba iko vibaya." Hakim alitaka tungoje mvua. Mimi nikamng'ang'ania mpaka akachukua shoka.

Mapigo matatu tu, maziwa ya mti yakatoka. Yalitiririka mpaka yakamlowesha mikono. "Hii iko mzima!" akasema, akalitupa shoka. Lakini unajua mti ule ulivyo laini, ni kama mpapai. Shina lilipasuka kwa uzito wake wenyewe, mti ukaanguka wote. Kisiki kilioza mvua zilipoanza.

Hapo nikafanya kosa la pili. Niliokota matawi saba, nikayapeleka makaburini siku ileile, maziwa yakidondoka njiani, nikayachomeka. Sisi watu wa huku tukikata kijiti cha muhogo tunachomeka, nacho kinaota. Nani alitufundisha vingine? Nikamwagilia asubuhi na jioni. Kila aliyekuja kumwombea Mama dua nilimpa birika amwagie kidogo. Matawi yakawa laini, yakaanza kunuka. Nilipong'oa la kwanza, ngozi yake ilibaki mkononi mwangu.

Moja lilikuwa bado gumu upande wa juu. Nikalifunga kwa kitenge, nikapanda gari hadi Arua. Kwenye njia ya kupanda Arua Hill kuna mtu wa Pajulu anaitwa Obitre, anauza miche ya maua kwenye makopo. Alilibonyeza kwa kidole gumba, maji yakatoka. "Mama, nani alikuambia plumeria iko muhogo?" Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia jina lake. Kwetu ulikuwa mti wa Mama tu.

Akanifundisha. Tawi ukishalikata unaliweka kivulini wiki mbili, hata tatu, mpaka kidonda kikauke. Ndipo unalipanda kwenye mchanga wenye changarawe, na maji unalipatia kwa uchoyo mpaka litoe majani. Nikamkumbuka Baba. Si ndivyo alivyolileta tawi la kwanza la mti wa Mama, wiki tatu ndani ya begi la jeshi kwenye lori, mpaka Mama akadhani ni kuni? Kumbe safari ndiyo iliyolikausha.

Nikamuuliza kuhusu majani. Alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. "Kiangazi hii mti inalala, mama. Inaangusha majani yote. Munaua mutu sababu amelala?"

Nikamwambia wetu haukulala hata mara moja, miaka thelathini. Akauliza ni nani aliyekuwa anaumwagilia. Jibu likanijia palepale nikiwa nimesimama. Mama alitawadha pale chini mara tano kwa siku, mvua na kiangazi. Alipoondoka, sote tulitawadhia kwenye bomba la nyuma. Mti ulikosa yale maji, basi ukalala kama wenzake. Nimeishi na mama yangu miaka yote hiyo na jambo dogo kama hilo sikuliona.

Obitre alikata sehemu iliyooza, akajaribu kuliokoa lile tawi. Wiki iliyopita alinipigia simu kuniambia limekufa. Alitaka kunipa tawi la mti mwingine, wa maua mekundu. Nilikataa, na pengine hapo pia nimekosea.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu nalala naye. Uliposema ile picha unaitazama kila siku kabla ya zamu, nilitaka ardhi inimeze. Nisamehe kwa mti, lakini zaidi nisamehe kwa uongo.

Hakim na mke wake Juliet wanakusalimu sana. Shangazi Zuhurah anasema ukija bila mke atakutafutia mwenyewe. Pasca naye anakukumbuka. Mungu akulinde katika kazi yako, akuzidishie afya, akurudishe kwetu salama.

Njoo Agosti kama ulivyopanga, usibadilishe tiketi kwa hasira. Ukifika kaburini hutaona ua, utaona udongo, na mimi nitakuwa nimesimama hapo. Nigombeze. Hakim amekataa, Shangazi amekataa, wote wananihurumia, na huruma yao inanichoma. Angekuwepo Mama angenigombeza vizuri, halafu angenipa chai. Sasa umebaki wewe, mdogo wangu. Nigombeze kwa sauti, kisha tushikane mikono turudi nyumbani.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na niliyekukosea,
Aminah